Kigari cha mtoto kwa njia za Tanga: mi naanza na tairi

Mke wangu anafanya kazi ya shifti, mama yangu anakaa Ngamiani, sie tunakaa Makorora, na mtoto asubuhi lazima afike kwa bibi yake. Ndo hivo tu, hamna stori kubwa hapo. Ila katikati ya hizo nyumba mbili kuna kila aina ya njia: kuna lami nzuri, kuna kichochoro cha mchanga mlaini ambao kiangazi mguu unazama, kuna vitofali ambavyo kila mwenye nyumba kapanga anavyojua yeye mbele ya geti lake, kuna mitaro yenye mifuniko na mitaro ambayo mfuniko uliondoka zamani likabaki shimo, kuna matuta. Wikiendi ongeza Raskazone, ufukweni. Na sikukuu ongeza Lushoto kwa wakwe zangu, ambako huko neno tambarare wanalisikia redioni.

Kabla mtu hajauliza, mbeleko ipo na inatumika. Mama kanilea mimi na ndugu zangu wote mgongoni na hakuna aliyeharibika. Ila mi mgongo unanisumbua toka enzi nabeba mizigo, na mwezi wa pili hapa Tanga, lile joto lenye unyevu wa bahari, ukimbeba mtoto wa kilo 10 mmegusana mwili kwa mwili mnafika wote mmelowa chapachapa na yeye shingo nzima vipele. Tukasema basi, tutafute kigari.

Sasa mi nina neno moja tu kwenye hii habari, na nimelisema kwa kila mtu mpaka mke wangu nikianza tu anacheka. Usianze na kitambaa, usianze na rangi, usianze na kile kisahani cha kuwekea chupa ya maziwa. Chuchumaa uangalie tairi. Halafu jiulize, hii tairi ikifa, hapa mtaani nani ataifufua?

Matairi ya vigari yako kama namna tatu hivi. Kuna ya plastiki tupu, madogo, magumu, mara nyingi yanakuja mawilimawili mbele na mawilimawili nyuma, hayo ndo yamejaa madukani kwa sababu vigari vyake ni vyepesi na bei rahisi. Kuna ya povu lile zito lililokaza, ukiliminya na kidole linabonyea kidogo tu, hayapati pancha milele lakini yakishalika yameshalika, hayana dawa. Halafu kuna ya upepo, yenye tyubu ndani na tairi la mpira nje, makubwa, inchi 12 au hata 16. Hayo ndo yanapita popote, na ndo pia yanayopata pancha, na hapo ndo watu wengi wanayaogopa.

Ukubwa wa gurudumu si urembo. Gurudumu dogo likikuta ukingo wa kitofali linagonga linasimama, yani kigari kinasimama ghafla na wewe tumbo linaingia kwenye mpini, mtoto anarushwa mbele anashikwa na mkanda. Gurudumu kubwa ukingo uleule linaupanda. Na kwenye mchanga dogo linachimba, linakwenda chini badala ya kwenda mbele, unasukuma unakuta umetengeneza mfereji.

Hayo sikuyasoma mahali. Jirani yetu mmoja, Mama Nasra, alituazima kigari chake kile cha kukunja cha mwamvuli wakati bado tunatafuta, akasema "Baba Rahma kichukueni tu, mwanangu kashakuwa mtu mzima huyo anakimbiza kuku." Mungu ambariki, kigari kizuri, unakibeba mkono mmoja, unakikunja sekunde moja kinakuwa kama fimbo mbili. Kwenye lami ya barabara zile zinazoitwa kwa namba kinateleza huku unapiga stori. Nikiingia tu kile kichochoro cha mchanga, basi, nakinyanyua na mtoto ndani nakibeba mkononi. Sa kigari ndo kinanibeba mimi au mimi ndo nakibeba?

Na si kwamba kimetengenezwa vibaya. Kimetengenezwa kwa kazi nyingine. Aliyekianzisha ni Mwingereza mmoja, Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyestaafu, aliwahi kuhusika na miguu ile ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, akachukua akili ya mguu wa ndege unaojikunja akaiweka kwenye kigari, fremu ya alumini, ilikuwa 1965. Lengo kiwe chepesi, kikunjike, usafiri nacho. Kwa mtu anayepanda Hiace kila siku kutoka Kange mpaka mjini bado sijaona kinachokipita, maana konda wa daladala hatakusubiri ufungue skrubu, atakwambia "mama kunja hiyo tuondoke" na abiria wote wanakuangalia. Kama maisha yako ni daladala na lami, chukua cha mwamvuli ulale usingizi. Mimi maisha yangu ni mguu na mchanga.

Nilichofanya kabla ya kwenda kutafuta ni kwenda kwa fundi baiskeli. Watu walicheka lakini Tanga hii ni mji wa baiskeli bana, kila kona kuna mzee kakaa chini ya mti na beseni la maji na boksi la viraka, wanawake kwa wanaume wanaendesha, wazee wanakwenda msikitini na baiskeli, watu wanabebea mkaa, samaki, ndugu. Kwenye mji ambao kuziba pancha ni bei ya vitumbua, kuogopa tairi la upepo ni kuogopa bure. Mahali pengine sawa, ukipata pancha umekwama wiki nzima. Hapa unakaa kwenye benchi, unakunywa kahawa, unaondoka.

Mzee wangu wa Ngamiani nikamwamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, imekufa wapi tena?" nikamwambia leo sina baiskeli, nataka ushauri wa kigari cha mtoto. Akanitazama kwanza. Halafu akauliza swali ambalo madukani hakuna aliyeniuliza: "Tairi lake sayizi gani?"

Akanifundisha kusoma ubavuni. Vigari vingi vya tairi la upepo vimeandikwa 12½ x 2¼ pale kwenye mpira, na hiyo ni sayizi ileile ya zile baiskeli ndogo kabisa za watoto za inchi 12, kwa hiyo tyubu yake ipo kwenye duka lolote la vipuri vya baiskeli, si kitu cha kuagiza Dar. Tatizo, akasema, ni mdomo wa tyubu, pale unapojazia upepo. Tyubu za vigari nyingi mdomo wake umekunjwa pembeni kwa sababu gurudumu ni dogo, spoki zinabana, ukiweka wenye mdomo ulionyooka kichwa cha pampu hakiingii. Kwa hiyo ukiona kigari angalia nafasi kati ya mdomo na spoki, mkono unapita? Pampu inapita? Na mdomo wenyewe mara nyingi ni ule mnene, sawasawa na wa pikipiki, si ule mwembamba wa baiskeli zetu kubwa wenye kikofia cha kuzungusha, hivo hata kijiwe cha bodaboda wanakujazia. Ila hapo mzee akaninyooshea kidole kabisa: usiwape ile mashine ya kompresa ya gereji waitumie ovyo, tyubu ndogo ile inajaa kufumba na kufumbua na inapasuka, na mtoto yupo karibu. Pampu ya mkono inatosha, na kiwango cha upepo kimeandikwa hapohapo ubavuni pa tairi.

Ushauri wote ule bei yake ilikuwa kikombe cha kahawa na kashata.

Basi nikaenda mitumba. Dukani nilipita, vipya vipo, vinang'aa, ila vyenye tairi kubwa vilikuwa havishikiki bei, na vile vya bei yetu vyote vilikuwa plastiki. Na kuna kitu kuhusu dukani, wanakujaribisha kwenye vigae. Kwenye vigae kila kigari ni kizuri, hata kiti cha ofisini ni kizuri kwenye vigae.

Kwenye mitumba nilikwenda na mfuko wa sembe wa kilo 10. Najua inaonekana kichaa. Ila kigari kitupu hakikwambii kitu, ni chepesi, kinageuka kwa kidole. Weka kilo 10 ndani, funga mkanda, halafu mwambie muuzaji unatoka nacho nje kwenye mchanga. Yule kijana akasema "kaka unataka kununua kigari au unataka kusaga?" tukacheka, ila akaniachia. Cha kwanza nilichosukuma kilikuwa kizuri sana kwa macho, cha bluu, gurudumu la mbele moja linayumba kama toroli bovu la sokoni, unasukuma mbele linakwenda kushoto. Hata hivo mwili wa fremu ulikuwa umepinda, ukiangalia kwa nyuma unaona tairi mbili za nyuma hazilingani. Hicho achana nacho, fremu iliyopinda haina fundi.

Kwenye mtumba mi nakagua hivi, na nakagua bila aibu hata muuzaji akinuna. Kwanza nakifungua na kukikunja mwenyewe, si aninyooshee yeye, kusikia kile kitasa cha fremu kinasema ka! na kinashika, maana kigari kikijikunja na mtoto ndani hiyo ni habari nyingine. Breki nakanyaga halafu nasukuma kwa nguvu, zishike tairi zote mbili za nyuma, si moja. Mkanda uwe wa sehemu tano, mabega mawili, kiuno huku na huku, na wa katikati ya miguu, kwa sababu wa kiunoni peke yake mtoto anateleza chini au anasimama. Navuta kila mkanda nione mshono. Natia pua kwenye sponji, likiwa na harufu ya ukungu limekaa kwenye unyevu muda mrefu, linaweza kufuliwa lakini si kila mara harufu inatoka. Nageuza chini natafuta lebo, ikiwa imeandikwa EN 1888 hicho ndo kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto, si kwamba kinakuhakikishia kigari cha zamani bado kizima, ila unajua kilizaliwa vizuri.

Halafu vidole. Hapa naomba mnisikilize kidogo. Maungio ya fremu, pale panapojikunja, ni mkasi. Mwaka 2009 Marekani vigari vya Maclaren, hichohicho cha kampuni iliyoanzisha mwamvuli, kama milioni moja hivi vilitangazwa virekebishwe kwa sababu watoto walikuwa wanaweka kidole kwenye maungio wakati mzazi anafungua na ncha ya kidole inakatwa, kampuni ikatoa vifuniko vya kitambaa vya kufunika pale. Sasa vitu vya mtumba vinazunguka dunia miaka mingi, cha mwaka huo kinaweza kuwa kimelala hapahapa kwenye robota kikiwa hakina kifuniko. Na si kampuni moja, kigari chochote kinachokunjika kina hayo maungio. Kwetu sheria ni kwamba kigari kinafunguliwa na kukunjwa mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine au akiwa mbali, basi.

Nilichochukua mwisho kilikuwa cha tairi tatu, moja mbele mbili nyuma, zote za upepo, zote 12½, fremu ya alumini, rangi ya kijivu iliyochoka. Kijana akaanza na laki na nusu. Nikamwonyesha tairi la mbele limelika, nikamwonyesha kivuli, kile kitambaa cha juu, kimechanika pembeni, tukavutana, nikajifanya naondoka, akaniita, tukaishia 90,000 na akanisaidia kukifunga kwenye bajaji. Tairi la mbele yule mzee alinibadilishia na tyubu juu, kivuli kikashonwa na fundi cherehani.

Kigari cha tairi tatu watu wanauliza kama hakianguki. Kwenye tambarare hapana, tena kinageuka vizuri kwa sababu tairi lile la mbele linazunguka. Ila kwenye mteremko wa ubavu, kwa mfano unapita pembeni ya barabara ambapo lami imeinama kuelekea mtaroni, unakisikia kinataka kulala, hapo ni kushika mpini kwa mikono miwili na kuacha simu. Na lile la mbele lina kitufe cha kulifunga lisizunguke. Kwenye lami lifungue, kwenye kokoto na mchanga na kushuka mlima lifunge, likiwa wazi kwenye njia mbovu kwa mwendo linaanza kutikisika kulia kushoto kulia kushoto mpaka mikono inakufa ganzi. Ukilifunga sasa ili ugeuke inabidi ukandamize mpini mbele inyanyuke halafu ndo unazungusha. Unazoea.

Mchanga wa ufukweni ni somo lake. Raskazone pale kwenye mchanga mkavu hata tairi la upepo linachoka, dawa yake ni mbili: punguza upepo kidogo tairi litanuke chini, au geuza kigari ukivute kinyumenyume, yale mawili ya nyuma yatangulie, la mbele lifuate. Mara ya kwanza watu wanakuona unaburuta mtoto kinyumenyume wanadhani umechanganyikiwa. Ila mchanga unauweza, chumvi ndo adui. Alumini haishiki kutu kirahisi lakini skrubu ni chuma, spoki ni chuma, beringi ni chuma. Tukirudi kutoka baharini nakimwagia maji baridi ya bomba, nafuta, naacha kikauke kivulini, halafu oili tone moja kwenye ekseli na kufuta iliyozidi, maana oili ikibaki nje mchanga unaigandia unakuwa msasa. Jirani mwingine kigari chake kililala nje miezi michache tu, hewa ya bahari ikamaliza maungio, hakikunjiki tena, sasa hivi wanawekea nguo chafu.

Kwenda mjini upande wa bandari unavuka reli. Ile reli ya toka enzi za Mjerumani, ilianza kujengwa 1893, na mpaka leo inamfundisha mtu adabu, kwa sababu pembeni ya chuma kuna ule mfereji wa gurudumu la treni na tairi dogo la kigari linaingia mle kama limeitwa. Kwa cha Mama Nasra nilikuwa nakinyanyua chote. Kwa tairi kubwa navuka wima, pembe sawa, si kwa kukata kona, na nakandamiza mpini la mbele lipite juu kabla. Usisimame hapo kuongea na mtu.

Sasa kesi yangu na mama. Mama yangu anampenda mjukuu kuliko anavyonipenda mimi, hilo tumekubaliana. Siku za jua kali nikifika anasema "mwanangu, mbona mtoto umemwacha jua linamchoma, mfunike na kanga." Na anaifuata kanga kabisa, anaitandika juu ya kigari kuanzia kivulini mpaka miguuni. Ni upendo, na kivuli kweli anapata, ila hewa haipiti. Gazeti moja la Sweden, Svenska Dagbladet, liliwahi kupima kigari juani, bila kufunika ndani kulikuwa na nyuzi 22, walipokifunika na kitambaa chepesi tu baada ya nusu saa ikafika 34, baada ya saa nzima 37. Hiyo Sweden jamani. Sa sisi ambao nje tayari ni 32 tunaanzia wapi?

Kumwambia mama "unakosea" haiwezekani, hata ulimi haugeuki. Nilichofanya ni kumwomba aingize mkono wake mwenyewe chini ya kanga mtoto akiwa ametoka, akae nao hapo. Akakaa nao kidogo. Akautoa. Akasema "mh, kama jikoni." Toka siku hiyo kanga anaifunga upande mmoja tu ule wa jua, pande nyingine wazi upepo upite, na jioni tunaweka chandarua chenye matundu kwa ajili ya mbu maana malaria nayo haina likizo. Na ndo yeye sasa anayewafokea wenzake barazani, "we bibi, toa hiyo kanga, mtoto anaiva!"

Lushoto ndo kulikonikomesha. Kutoka Mombo kupanda ni kama kilomita 33 za kona, kigari kimelala kwenye buti la basi, sawa, hapo hamna shida, ila ukishafika nyumbani kwa wakwe kutoka barabarani mpaka mlangoni ni njia ya miguu, udongo mwekundu, mawe, mizizi, inashuka inapanda. Kushuka na kigari ni kazi kuliko kupanda. Breki ile ya kukanyaga ni ya kuegeshea, si ya kupunguzia mwendo, ukiikanyaga unashuka inakaba ghafla kinaweza kukupindukia. Baadhi ya vigari vina breki ya mkononi kama baiskeli, changu hakina. Kina ule mkanda mdogo wa kuvaa kiganjani umefungwa kwenye mpini, na watu mjini huwa wanaukata wakiona unaning'inia bure. Usiukate. Pale mlimani mguu uliteleza, mkono ukaachia, na mkanda ndo uliokishika.

Udongo ukiwa mkavu nimepita, na shemeji zangu vijana wakawa wanasukumana nani amwendeshe mtoto. Mvua iliponyesha jioni ule udongo ukawa tope la kunata, ukajaa kati ya tairi na fremu mpaka tairi halizunguki. Nikawa nimesimama katikati ya njia najikwangulia na kijiti. Mama mkwe akatoka na mbeleko begani, "Shikamoo mama," "Marahaba baba, lete mtoto," akamweka mgongoni akapanda kile kilima mbele yangu hata pumzi haikumbadilika, mi nyuma nimebeba kigari. Hamna tairi la upepo linaloshindana na mgongo wa mwanamke wa Kisambaa kwenye mlima wenye tope, hilo nalisema waziwazi.

Mambo mengine madogomadogo haraka. Mifuko ya sokoni usitundike kwenye mpini, Mgandini nimeona kwa macho yangu mama katundika nazi na mihogo, akamtoa mtoto, kigari kikapinduka nyuma puu! Bahati mtoto alishatoka. Weka kwenye kikapu cha chini. Mpini uwe urefu wa kiuno chako na kidogo juu, mi ni mrefu na cha Mama Nasra kilikuwa kinaniinamisha, mgongo uleule niliokuwa naukimbia. Kwenye bajaji mtoto anapakatwa, kigari kinakunjwa kinakaa nyuma, usimwache amekaa ndani ya kigari kimeegeshwa kwenye bajaji inayotembea, nimeona watu wanafanya hivo. Cha tairi kubwa ni kizito, kuanzia kama kilo 10 kwenda juu, ukikaa ghorofani bila lifti fikiria mara mbili. Na kwenye Hiace iliyojaa kwa kweli hakiingii, ukilazimisha utatukanwa.

Kuhusu mwanaume kusukuma kigari. Mwanzoni kijiweni walikuwa wananiita "dereva," mara "dereva leo abiria wangapi." Siku hizi haohao wananisimamisha wananiuliza tairi za mtoto wanajaziaje, na mmoja kakopa pampu yangu hajarudisha, anajijua.

Rahma sasa anataka kutembea mwenyewe, ndani ya kigari anakaa akichoka tu, mara nyingi nasukuma mkoba wake na madafu. Mdogo wangu wa kike anayekaa Pangani kashakiwekea nafasi, anajifungua karibuni. Nimemwambia kiti chake hakilali bapa, na kichanga shingo bado haijakaza hatakiwi kukaa wima humo, kwa hiyo mpaka mtoto awe anakaa vizuri mwenyewe, kwenye miezi sita hivi, mbeleko ndo gari lake. Na anunue tyubu moja ya akiba ya mdomo uliopinda, anitumie mimi kwanza niiangalie, kwa sababu nikimwambia mume wake ataleta yenye mdomo ulionyooka.